Kusoma Kuta za Nyumba ya Ibada

Katika mazungumzo haya twapenda kueleza jinsi mtu awezavyo kujua habari za jengo la kale kwa kuzitazama kuta zake. Huku miteremkoni mwa Kilimanjaro jambo hili latuhusu. Misheni za Machame na Kibosho zote mbili zilianza mwaka wa 1893, na tangu hapo makanisa ya mawe yamejengwa sehemu nyingi za mlima. Waumini wakiongezeka, hutaka kupanua, kupiga lipu, au kubomoa na kujenga upya.

Kwanza tutazame Uingereza, ambako kazi hii ina miaka mingi. Wanomani walipoitwaa nchi ile mwaka wa 1066, makanisa mengi ya vijiji yalijengwa kwa matao yaliyofuata desturi ya Warumi wa kale. Tao lao ni nusu ya duara. Uzito ulio juu yake husukuma kuta kwa nje. Kwa hiyo kuta zilifanywa nene na madirisha madogo. Baadaye mafundi wakatumia tao lenye ncha, ambalo husukuma pembeni kidogo zaidi, nalo laweza kuwa refu pasipo kuwa pana. Kanisa la Iffley, karibu na Oxford, lina yote mawili. Lilijengwa katika karne ya 12, na milango yake ina matao ya duara yenye nakshi. Lakini upande wa mashariki lilirefushwa katika karne ya 13 kwa matao yenye ncha. Ajuaye tofauti hiyo aona mara moja kazi ya kwanza ilipokoma na ya pili ilipoanza.

Pwani yetu nayo ina jengo lenye asili ya zamani zile zile, yaani msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa kisiwa cha Unguja. Katika ukuta wa kibla mna maandishi ya Kikufi, ambayo ni hati ya Kiarabu ya kale, yaliyochongwa katika matumbawe. Yasema kwamba msikiti ulijengwa mwaka wa 500 wa Hijra, yaani 1107. Maandishi mengine yataja mwaka wa 1184 wa Hijra, katika karne ya 18, ulipojengwa upya. Sehemu kubwa ya jengo tulionalo leo ni ya ujenzi huo wa pili, na juu yake pamewekwa paa la mabati. Watu wangali wakisali humo.

Hapa ndipo penye fundisho. Kama mafundi wa karne ya 18 wangaliyatupa mawe yale ya kwanza pamoja na kifusi, mgeni aliyeingia humo angalidhani msikiti ule hauna umri hata wa miaka mia tatu. Wao walitengeneza nyumba yao ifae kwa sala, wakaacha ushahidi wa waliowatangulia, tena wakaandika mwaka wao wenyewe.

Basi, hapana ubaya kupanua nyumba ya ibada. Makanisa na misikiti mingi iliyodumu imepanuliwa. Lakini kabla ya kupiga lipu au kubomoa, na tutafute jiwe lenye tarehe, tulihifadhi mahali paonekanapo, na kando yake tuchonge mwaka wa kazi yetu. Hivyo wajukuu watajua nani alianza, na nani aliongeza.