Neno 'Kufikia' katika Vipimo vya Kazi ya Uhusiano

Kila robo mwaka, maofisa uhusiano wa idara na mashirika huandika taarifa za kazi zao. Humo husomwa kwamba habari kadhaa zimechapishwa magazetini, vipindi kadhaa vimetangazwa redioni, na maelfu ya wananchi 'wamefikiwa'. Madhumuni ya makala haya ni kulichunguza neno hilo la mwisho, kwani twaona kuwa ndani yake umejificha upungufu wa kipimo ambao wataalamu wenyewe wanaujua, ila hawajauacha.

Tutoe mfano wa kubuni. Karibu na Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti mkoani Mara, liko Bwawa la Manchira, ambalo huupatia mji huo maji. Tuseme ofisa amepewa kazi ya kuwashauri watekao maji bwawani wayachemshe kabla ya kuyanywa. Anatangaza redioni mara 20, kisha anaandika kuwa wananchi wote wa Manchira wamefikiwa. Je, amehesabu nini? Amehesabu matangazo. Mama aliyekuwa shambani saa ile hakusikia. Bibi aliyezoea Kikurya au Kingoreme huenda alisikia asielewe. Kijana alielewa, lakini hana kuni. Wote watatu wamehesabiwa sawa, na maji yananywewa vile vile.

Katika Kiswahili, safari haijawa kufika mpaka msafiri awasili. Barua iliyotiwa posta imepelekwa tu, haijafika. Hivyo twapendekeza hatua nne zitengwe. 'Utoaji' ni yale yaliyotangazwa au kuchapishwa. 'Upokeaji' ni kusikia, kuelewa na kukumbuka. 'Matokeo' ni badiliko la fikira au mwenendo, kama vile kuchemsha maji. 'Athari' ni kile kinachobaki baadaye, mathalani kupungua kwa maradhi ya kuhara. Wengi hulitumia neno 'athari' kwa mabaya tu, lakini asili yake katika Kiarabu ni alama iliyoachwa, njema au mbaya.

Kasoro hii si yetu peke yetu. Kwa miaka mingi wataalamu wa nchi nyingine wamepima eneo la habari gazetini na kulikadiria kwa bei ya tangazo la kulipia, wakaiita fedha hiyo thamani ya kazi yao. Mwaka 2010, wataalamu wa upimaji kutoka nchi zaidi ya 30 walikutana Barcelona, Hispania, wakatamka kuwa bei ya tangazo si thamani ya mawasiliano. Hata hivyo hesabu hiyo bado inatumika. Sababu zake ni nyepesi kueleweka. Kuhesabu matangazo ni kazi ya siku moja ofisini. Kuwauliza watu nyumbani kwao kwahitaji muda, usafiri na fedha. Wakuu wa kazi hupenda tarakimu kubwa, na huenda fungu la mwaka ujao likategemea tarakimu hizo. Ofisa apimaye kwa ukweli huonekana amefanya machache kuliko mwenzake.

Lakini kipimo bora chawezekana. Kampeni ya 'Mtu ni Afya' ya mwaka 1973 ilitumia redio, vijitabu na vikundi vya kusikiliza, na walioshiriki walikadiriwa kuwa kiasi cha milioni 2. Watathmini hawakuishia kwenye idadi hiyo. Walikwenda pia katika baadhi ya vijiji kuangalia vyoo na usafi wa makazi.

Istilahi peke yake haitamwezesha ofisa kupata gari la kumpeleka kijijini. Hata hivyo, itamzuia asiandike kuwa amefika mahali ambapo hakufika. Penye neno 'waliofikiwa' na aandike 'matangazo yaliyotolewa: 20', na nafasi ya 'matokeo' aiache wazi mpaka atakapokwenda Manchira kuuliza ni nyumba ngapi zinazochemsha maji.