Rufaa na Karatasi Zake: Mgonjwa wa Eastlands Kati ya Daktari wa Mtaa na Hospitali Kuu

Neno rufaa lina asili ya Kiarabu, na limebeba dhana ya kulipandisha jambo mbele ya mwenye uwezo zaidi. Mahakamani, anayekata rufaa ni yule aliyeshindwa. Hospitalini mambo huenda kinyume: daktari huitoa, mgonjwa huibeba. Tofauti hiyo ya vitenzi si ya kupuuzwa, kwani ndani yake mna swali linalowasumbua wakazi wa mitaa ya Eastlands jijini Nairobi: karatasi za mgonjwa ni jukumu la nani?

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliziachia kaunti vituo vya afya na huduma za ambulansi, huku serikali ya kitaifa ikibaki na sera ya afya na hospitali kuu za rufaa. Hivyo basi, mkazi wa Jericho au Kayole aghalabu huanzia kituo cha afya cha karibu, au kliniki ya kibinafsi iliyo chini ya ghorofa anamoishi. Akizidiwa, hupelekwa Hospitali ya Mama Lucy Kibaki. Mja mzito huenda Pumwani, hospitali ya uzazi iliyoanzishwa 1926. Na hali ikitatiza zaidi, Kenyatta. Katika safari hiyo ya kilomita chache atakuwa amepita mikononi mwa mfanyabiashara, kaunti na serikali ya kitaifa, na kila mlango una faili yake.

Kikanuni, anayempeleka mgonjwa huandika ugonjwa anaoushuku, vipimo vilivyofanywa, dawa alizotoa na sababu ya rufaa. Anayempokea naye ana wajibu wa kujibu: amegundua nini, amebadilisha dawa gani, na ni nani atakayemfuatilia mgonjwa huyo baadaye. Barua ya kwenda huandikwa, ijapokuwa kwa mwandiko wa haraka. Ya kurudi ndiyo adimu. Mathalani, mama mwenye shinikizo la damu akibadilishiwa dawa hospitalini, kisha arudi Dandora bila maelezo, mhudumu wa huko hana budi kumwamini kwa kumbukumbu zake za rangi ya vidonge. Huenda akaendelea kumpa dawa ya zamani pamoja na mpya. Picha ya eksrei isiposafiri hupigwa upya, na mgonjwa hulipa mara ya pili.

Mtu ambaye angepaswa kuzishika nyuzi hizi ni daktari wa familia. Chuo Kikuu cha Moi kilianza kuwafunza madaktari hao mwaka 2005, lakini idadi yao ingali ndogo, na katika vituo vingi kazi hiyo hufanywa na maafisa wa kliniki na wauguzi. Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi ya 2023 inaviunganisha vituo katika mitandao: hospitali moja huwa kitovu, zahanati na vituo vya afya huizunguka. Mpango huo ni mzuri, ila nao una mpaka wa fedha. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii ilipochukua nafasi ya NHIF, matibabu ya zahanati na vituo vya afya hulipiwa na mfuko mmoja na ya hospitali na mfuko mwingine. Rufaa, kwa hiyo, huhamisha mgonjwa na ankara yake pia.

Sheria ya Afya ya Dijitali, ya mwaka uo huo wa 2023, inakusudia kumbukumbu zisafiri bila kubebwa kwapani. Hata hivyo, mfano wa kale zaidi umo mikononi mwa akina mama tayari: kijitabu cha afya ya mama na mtoto, ambamo muuguzi wa kliniki na mkunga wa hospitali huandika katika kurasa zile zile, na mwenyewe hukihifadhi. Mwanamume mwenye kisukari hana kijitabu cha aina hiyo. Yeye hununua daftari la shule dukani, akaandika jina lake juu, na akaenda nalo kupanga foleni.