BASTOLA YA UPEPO NA NDEGE WA PORINI

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipumzishwa. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti uvuvi ulisimamishwa ili samaki wapate kuzaliana. Wewe unayekaa Kigoma, Ujiji au kando ya ziwa, unakumbuka miezi ile. Dagaa na migebuka viliadimika. Kina mama walihangaika kutafuta kitoweo.

Katika miezi hiyo kijana mmoja wa hapa Rusimbi alinijia nyumbani.

"Shikamoo, Bwana Shamba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Alifungua mfuko wa nguo. Ndani yake mlikuwa na bastola nyeusi. Alisema ni bastola ya upepo. Aliletewa na mjomba wake aliyerudi kutoka nchi za nje.

"Nataka kuwinda kwale na tetere," akasema. "Samaki hakuna. Mama ana watoto wanne. Je, bastola hii inafaa?"

Swali lake lilikuwa la haki. Kijana huyu hakuwa mhuni. Alitaka kulisha nyumba yao. Nilimjibu kwa kirefu, na leo nakueleza wewe pia.

BASTOLA YA UPEPO NI KITU GANI?

Bastola ya upepo haitumii baruti. Ndani yake mna springi au hewa iliyoshindiliwa. Ukivuta kifyatulio, hewa hutoka kwa nguvu na kusukuma kirisasi kidogo. Mara nyingi kirisasi hicho kina upana wa milimita 4 na nusu tu. Ni kidogo kuliko punje ya mahindi.

Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani ni kitu cha kuchezea. Si kweli. Kirisasi hicho hupasua ngozi. Hutoboa jicho. Mwaka 2005, katika mji wa Glasgow, huko Scotland, mtoto wa miaka 2 aliuawa kwa bunduki ya upepo. Tangu mwisho wa mwaka 2016, mtu wa Scotland haruhusiwi kuwa na silaha ya upepo bila cheti.

Tena, bastola ya upepo kwa kawaida ina nguvu ndogo kuliko bunduki ndefu ya upepo. Ni vigumu pia kuilenga sawasawa, kwa sababu huiegemezi begani. Kanga mzima ana uzito wa zaidi ya kilo moja, na manyoya yake ni mazito. Ukimpiga kwa mbali hafi. Hukimbia na kirisasi mwilini, akafia kichakani baada ya siku mbili au tatu. Wewe hukupata nyama, na ndege amepotea bure.

JICHO HALIOTI TENA

Ndugu msomaji, sasa nitakueleza jambo langu mwenyewe.

Nilipokuwa na miaka 11 nilikuwa hodari wa manati. Siku moja nilimwona tetere juu ya mwembe, nyuma ya nyumba yetu. Nilivuta mpira nikaachia. Jiwe liligonga tawi, likarudi upande. Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, alikuwa amesimama pale akiniangalia. Jiwe lilimpiga jicho la kushoto.

Tulimkimbiza hospitali. Jicho halikupona.

Leo yeye ni mtu mzima na mkulima mzuri. Hajanilaumu hata siku moja. Lakini akimimina chai huweka kidole kwenye ukingo wa kikombe, ili asimwage. Kila nikiona kidole kile, namkumbuka yule tetere. Wahenga walisema: majuto ni mjukuu, huja baadaye.

Lile lilikuwa jiwe la manati. Kirisasi cha bastola huenda kwa kasi zaidi. Hapa Rusimbi nyumba zimekaribiana. Nyuma ya kila mwembe kuna uwanja, na katika kila uwanja kuna mtoto. Hata huko shambani, nyuma ya kichaka anaweza kuwapo mama anayepalilia maharage.

RISASI NI SUMU

Kuna hatari nyingine ambayo huioni kwa macho. Virisasi vingi hutengenezwa kwa madini ya risasi. Madini hayo ni sumu. Mtoto akiyala kidogo kidogo, ubongo wake hudhoofika, na huwa mzito wa kujifunza. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Ndege aliyepigwa huweza kubaki na kirisasi au vipande vyake katika nyama. Kupika hakuondoi sumu hiyo. Ndege wa majini nao humeza risasi zilizoanguka matopeni, wakafa. Ndiyo maana nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Februari 2023, zimekataza kutumia marisawa ya risasi katika maeneo yenye maji.

SHERIA INASEMAJE?

Kwanza, ndege wa porini ni wanyamapori. Wanalindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Kabla ya kuwinda, mwone Afisa Wanyamapori. Yeye atakueleza ni ndege gani wanaruhusiwa, wakati gani, mahali gani na kwa kibali gani. Katika Hifadhi ya Taifa ya Gombe, kaskazini ya mji wetu, hakuna uwindaji kabisa. Gombe ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1968.

Pili, kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya mwaka 2015. Usiamue mwenyewe kwamba silaha ya upepo haihusiki. Kabla ya kununua au kupokea silaha yoyote, nenda polisi ukaulize.

Tatu, usitumie sumu kamwe. Huko Bunyala, magharibi ya Kenya, kuna watu waliotia dawa ya wadudu katika mpunga na konokono ili kuua ndege. Kisha waliwauza ndege wale wapikwe na kuliwa. Sumu inayoua ndege haichagui. Humdhuru pia mtu anayekula.

NDEGE NAO WANA MAJIRA

Ndugu mkulima, fikiri juu ya ziwa letu. Kwa nini lilipumzishwa? Ni kwa sababu samaki akivuliwa kabla ya kuzaa, kesho hakuna samaki. Ndege ni vivyo hivyo. Kanga hutaga zaidi wakati wa mvua. Ukimwua mama, vifaranga wake huweza kufa kwa baridi na njaa. Umekula ndege mmoja, umepoteza wengi.

Tena, kanga na kwale hula panzi, mchwa na mbegu za magugu. Ni kweli kwamba wakati mwingine hufukua mbegu ulizopanda. Lakini siku hizo ni chache, nao unaweza kuwafukuza.

KITOWEO KIKO UANI

Je, tule nini? Fuga kanga. Fanya hivi:

1. Nunua mayai ya kanga kwa mtu anayefuga. Usiyatoe porini.

2. Wakati wa mvua, mtafute kuku anayetaka kuatamia. Mwekee mayai 12 hadi 15. Ondoa mayai yake mwenyewe, kwa maana yataanguliwa mapema.

3. Mayai ya kanga huanguliwa kwa siku 26 hadi 28. Ya kuku ni siku 21. Basi usikate tamaa.

4. Kwa majuma sita ya kwanza usiache vifaranga walowe. Umande na mvua huwaua wengi. Wape mchwa, mboga za majani zilizokatwakatwa na maji safi.

Kware wa kufugwa nao ni wazuri. Mayai yao huanguliwa kwa siku 17 au 18. Lakini kware hao kwa kawaida hawaatamii, kwa hiyo unahitaji mashine. Tena jihadhari na maneno ya utajiri wa haraka. Kenya, mwaka 2013, watu wengi walikimbilia kufuga kware kwa sababu mayai yalikuwa ghali sana. Mwaka 2014 bei ilianguka na wengi walipata hasara. Fuga kwanza kwa ajili ya chungu chako.

KIJANA ALIFANYA NINI?

Kijana wetu alinisikiliza. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha tulikwenda na Mwenyekiti wa Mtaa mpaka polisi, akaikabidhi bastola ile.

Siku hiyo mama yake alipika maharage. Sitakuficha, kijana hakufurahi. Lakini mvua zilipoanza nilimpatia mayai 12 ya kanga. Yalianguliwa 9. Wawili walikufa kwa mvua. Saba walikua, na sasa wanapiga kelele uani kwao kila asubuhi.

Ndugu msomaji, je, katika kijiji chako vijana wanawinda kwa manati, kwa mitego au kwa sumu? Zungumzeni jambo hili katika mkutano wa kijiji. Mwite Bwana Shamba wako. Na leo jioni, kabla ya kulala, mwulize mwanao manati yake iko wapi.