Dawa ya Usingizi kwa Bwana Aliyetoka Vitani

Mama, labda bwana yako alikuwa askari na alipigana kule Pweto katika mwaka 2000. Mpaka leo usiku anaruka kitandani na kulia. Anakunywa lutuku apate kulala. Lutuku inamulaza upesi, kweli, lakini saa nane ya usiku macho iko wazi tena. Ndipo wewe unaenda kununua Valium. Ngoja kwanza!

Valium (diazepamu) inaleta usingizi, lakini mwili unaizoea. Kiisha majuma machache kidonge kimoja hakitoshi. Pamoja na lutuku inapunguza pumzi, na mutu anaweza kulala asiamuke. Kama ameizoea, usimukatishe kwa gafula, wala dawa wala lutuku: anaweza kushikwa na kifafa. Munganga atapunguza pole pole.

Amitriptilini mwili hauitamani vile. Inakausha kinywa, asubuhi kichwa ni kizito, nayo haipatani na pombe. Lakini vidonge vingi mara moja vinaweza kusimamisha moyo. Basi kama bwana anasema amechoka na maisha, uifungie wewe, umupe kila siku kipimo cha munganga tu.

Umupeleke kwa waganga wa akili, hapa Lubumbashi wako. Uchukue na boksi ya dawa, na useme lutuku ni chupa ngapi, bila haya.