Mafuta ya Nazi Yamefika Kaisho: Je, ni Dawa?

Huku kwetu Kaisho hatulimi minazi. Mnazi wapenda joto, unyevu na nchi ya chini, na vilima vyetu vya Kyerwa na Karagwe viko juu mno, usiku wake una baridi. Sisi ni watu wa ndizi, kahawa, maharagwe na karanga. Wazee wetu walijipaka samli ya ng'ombe. Siku hizi twanunua mafuta ya alizeti au ya mawese dukani. Lakini kichupa cha mafuta ya nazi nacho kimekwisha kuijua barabara ya Omurushaka. Kimesafiri zaidi ya kilometa 1,300 kutoka pwani, na bei yake yaonyesha safari hiyo.

Si bei tu. Kichupa hicho chaja na maneno mengi. Mwuzaji akuambia kwamba ni dawa ya ngozi, ya nywele, ya tumbo, ya sukari, ya shinikizo la damu, ya moyo, hata ya virusi vya UKIMWI. Wewe mama umesimama hapo na fedha kidogo ya kahawa iliyobaki baada ya ada ya shule, na nyumbani umemwacha mzee anayemeza vidonge kila asubuhi. Ununue au usinunue? Na ukinunua, uyapake au uyanywe? Si maswali madogo, kwa hiyo yafaa kwanza kuyajua mafuta yenyewe.

YATOKAKO

Minazi ya Tanzania iko Pangani na Tanga, Bagamoyo, Mkuranga, kisiwa cha Mafia, Unguja na Pemba. Mkwezi hupanda mtini na kuangua nazi zilizokomaa. Hapo ujue kwamba nazi ina majina kama ndizi zetu zilivyo na majina: kidaka ni changa kabisa, dafu ni ile ya kunywa maji, koroma imekaribia kukomaa, na nazi ni nazi. Mafuta yako katika nazi iliyokomaa, si katika dafu. Watu wa pwani huichoma nazi juu ya kifuo na kuyaondoa makumbi, huivunja kifuu, kisha mwanamke huketi juu ya mbuzi na kuikuna. Mbuzi huyu halili majani. Ni kigoda chenye chuma cha meno mbele.

Nazi iliyokunwa hutiwa maji ya vuguvugu, ikakamuliwa katika kifumbu, likatoka tui, jeupe kama maziwa. Makapi yanayobaki huitwa chicha. Toka hapo njia zagawanyika. Njia ya bibi wa pwani ni kuliacha tui mpaka sehemu nzito ipande juu, kuiengua, na kuichemsha polepole hata maji yaishe na mafuta yajitenge, na shata ya rangi ya kahawia ikae chini. Mafuta hayo hunukia vizuri sana, kama nazi iliyokaangwa. Njia ya pili haihitaji moto: tui huachwa mahali pa joto kama siku moja, likachacha kidogo, na mafuta yakaelea yenyewe juu ya maji. Huchotwa na kuchujwa kwa kitambaa safi. Njia ya tatu ni ya mashine: nazi iliyokunwa hukaushwa kwa joto dogo, kisha hushindiliwa mpaka itoe mafuta.

Mafuta yaliyopatikana kwa nazi mbichi na bila dawa za kiwandani ndiyo yaitwayo kwenye vibandiko «mafuta bikira». Msomaji asishangae kulikuta neno hilo juu ya chupa. Maana yake ni kwamba mafuta hayakubadilishwa: yalikamuliwa, yakaoshwa kwa maji, yakachujwa, basi. Ndugu yake ni mafuta ya mbata. Mbata ni nazi iliyokaushwa, ambayo zamani ilisagwa Unguja na Lamu katika kinu kilichozungushwa na ngamia aliyefungwa macho. Leo viwanda huyasafisha mafuta ya mbata kwa udongo maalum na mvuke wa moto mkali hata yasiwe na harufu wala rangi.

Kwa lita moja ya mafuta ya nyumbani hutakiwa nazi kumi hadi ishirini, kwa kadiri ya ukubwa wake. Hapo waona kwa nini ni ghali. Tena minazi yenyewe imepata taabu. Tangu mwaka 1979 nchi yetu iliendesha mpango wa taifa wa kuendeleza minazi, makao yake Mikocheni, Dar es Salaam, na wataalamu wake walipambana na ugonjwa wa kunyong'onyea, ambao huangusha nazi changa, hukausha makuti, na mwisho huacha shina limesimama kama mlingoti. Waliwapiga vita pia chonga, mdudu mwenye pembe atoboaye moyo wa mnazi, na mdudu mwingine mdogo afyonzaye nazi changa zikaanguka. Jambo la kupendeza ni kwamba huyo mdogo ana adui wake, yaani siafu wale wekundu waitwao maji moto. Mkwezi huwachukia kwa sababu wanamwuma mpaka anashuka bila nazi, lakini mnazi wenye maji moto huzaa vizuri kuliko ule usio nao.

KIJIKO KIMOJA KINA NINI?

Sasa tuje kwenye afya. Mafuta yote ya kula hutia mwili nguvu kwa kiasi kimoja, yawe ya nazi, ya karanga au ya alizeti. Tofauti iko katika aina. Kuna mafuta mepesi yasiyoganda upesi, na kuna mafuta mazito yanayoganda, kama shahamu ya ng'ombe. Watu wengi wadhani kwamba kila mafuta yatokayo mtini ni mepesi. La. Katika shahamu ya ng'ombe karibu nusu ndiyo mafuta ya aina nzito. Katika mafuta ya nazi ni sehemu tisa katika kumi. Mafuta mazito, yakiliwa mengi, huongeza katika damu ile lehemu mbaya inayojenga ukuta ndani ya mishipa ya moyo na ya ubongo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, limesema mafuta ya aina hiyo yasipite sehemu moja katika kumi ya nguvu tupatayo kwa chakula. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama gramu 22 kwa siku. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya nazi kina kama gramu 12. Vijiko viwili, umekwisha kupita mpaka, na bado hujala nyama wala kunywa maziwa.

Wauzaji hujibu kwamba mafuta ya nazi yana asidi ya lauriki, ambayo si kama mafuta mengine. Ni kweli kwamba karibu nusu yake ni asidi hiyo, na ni kweli kwamba huongeza pia lehemu nzuri. Wataalamu wameipima habari hiyo wala hawakuidharau. Mwaka 2018 watu wa Cambridge, Uingereza, waliwapa watu wazima gramu 50 za mafuta kila siku kwa majuma manne, wengine ya nazi, wengine ya zeituni, wengine siagi. Siagi ilipandisha lehemu mbaya kuliko mafuta ya nazi. Lakini mwaka 2020 majaribio 16 yalikusanywa na kuhesabiwa pamoja, nayo yalionyesha kwamba mafuta ya nazi hupandisha lehemu mbaya zaidi kuliko mafuta mepesi ya mimea kama alizeti. Na huko kwenda kwa bikira hakuondoi jambo hili: harufu yake ni bora, uzito wa mafuta ni ule ule.

«Mbona basi watu wa pwani wala tui tangu zamani na wazima?» Swali zuri. Hata visiwani Tokelau, katika bahari ya Pasifiki, watu walipata zaidi ya nusu ya nguvu yao katika nazi, na waliowapima miaka ya 1960 na 1970 waliona kwamba maradhi ya moyo yalikuwa haba. Lakini hao walikula nazi yenyewe, na samaki, na matunda, sukari kidogo, na siku nzima walikuwa kazini baharini na shambani. Mtu anayeketi dukani, anakunywa soda, kisha anaongeza vijiko viwili vya mafuta juu ya chakula chake, hafuati desturi ya Tokelau.

Kisiwa cha Mauritius chatufundisha jambo lililo karibu nasi zaidi, sisi tunaokaanga kwa mawese. Mwaka 1987 serikali ilibadili mafuta ya kupikia ya watu wote, kutoka yale yaliyokuwa mengi ya mawese hadi ya soya matupu, pamoja na mafundisho mengine ya afya. Walipopima tena mwaka 1992 lehemu ya damu ilikuwa imeshuka sana. Kubadili dumu la jikoni ni kazi kubwa kuliko kichupa cho chote. Na huku Kaisho tuna karanga, na maparachichi yanaoza chini ya miti. Parachichi lina mafuta mepesi, jirani wa zeituni.

MANENO YA HATARI

Kuhusu sukari na shinikizo la damu nasema waziwazi: mafuta ya nazi hayaponyi magonjwa hayo. Mzee wako akiacha vidonge kwa sababu ya kijiko cha mafuta, kwa siku chache aweza kujiona mzima, maana shinikizo halina kelele. Kelele huja siku anapoanguka na upande mmoja wa mwili umekufa.

Neno la UKIMWI nalo lina asili yake. Huko Filipino jaribio moja lilifanywa kwa wagonjwa 15 tu, waliogawanywa makundi matatu, wala hapakuwa na kundi lisilopewa kitu ili kulinganisha. Habari yake ilitoka mwaka 2000 na tangu hapo imetembea dunia nzima ikiongezewa chumvi. Mkoa wetu wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mwaka 1983, hauna haja ya kufundishwa na hadithi. Dawa za kufubaza virusi zatolewa bure tangu mwaka 2004. Twakumbuka pia mwaka 2011, watu wengi walipokimbilia Samunge, Loliondo, kunywa kikombe. Wako walioacha dawa zao, na virusi havikuwaacha.

YANAPOFAA

Baada ya kusema hayo, ningekosea haki kama nisingeyasifu mafuta haya mahali yanapostahili. Mahali hapo ni ngozi na nywele. Filipino hiyo hiyo, mwaka 2014, watoto 117 wenye ngozi kavu ya kuwasha walipakwa kwa majuma manane, wengine mafuta bikira ya nazi, wengine mafuta ya madini kama yale ya watoto ya dukani; waliopakwa ya nazi walipata nafuu zaidi. Wataalamu wa Uhindi nao walionyesha mwaka 2003 kwamba mafuta ya nazi huingia ndani ya unywele na kuuzuia usidhoofike kwa kuoshwa na kuchanwa. Visigino vilivyopasuka kwa tope na jua la shamba hulainika. Mwenye sukari apake nyayo na visigino, lakini asipake katikati ya vidole, maana unyevu hapo huleta vidonda. Msichana anayetaka ngozi nzuri afadhali kichupa hiki mara mia kuliko mkorogo wenye zebaki.

Mtoto mchanga je? Kitovu chake kiwe kikavu na safi. Usipake mafuta wala kitu kingine ila alichokupa mkunga. Usimtie mafuta puani, wala usimnyweshe kwa kumshika akilia, kwa maana yakiingia mapafuni huleta ugonjwa mbaya wa kifua. Na mtoto mwenye ualbino asiachiwe mafuta haya kuwa ngao ya jua. Hayazuii jua la kutosha. Yeye ahitaji kofia, mikono mirefu, na mafuta maalum kama yale yanayotengenezwa Moshi, hospitali ya KCMC, kwa ajili ya watu kama yeye.

KAMA UNANUNUA

Baridi ya Kaisho ni rafiki yako. Mafuta ya nazi huganda kwenye joto la kama nyuzi 24. Iache chupa nje usiku wa mwezi wa saba. Asubuhi yawe meupe, magumu. Yakibaki maji maji kama ya alizeti, yamechanganywa. Yakiganda haina maana ni bikira, kwa sababu ya mbata nayo huganda. Hapo tumia pua, maana bikira hunukia nazi. Harufu kali ya kuchacha yaonyesha maji yalibaki ndani. Tazama pia alama ya Shirika la Viwango.

Na ukipata nazi kwa mtu aliyetoka pwani, jaribu mwenyewe. Hakuna mbuzi? Kata vipande vidogo, twanga kinuni na maji ya vuguvugu, kamua kwa kitambaa. Liache tui usiku kucha, engua utando mzito wa juu, uchemshe kwa moto mdogo ukikoroga, na utakapoona shata imekuwa ya kahawia na mapovu yametulia, ipua upesi isiungue. Chuja kwa kitambaa kikavu, tia katika chupa kavu kabisa, funika. Kwa nazi mbili utapata kiasi cha kutosha nywele za binti zako kwa majuma kadhaa, na chicha wape kuku.