Mwezi wa Tatu Darasani: Watoto Wamjue Nyanjiru

Akina mama wa vikundi, walimu wa hapa Komarock wakiwaita kusaidia Siku ya Wanawake, tarehe 8 Machi, msiende kupika chai tu. Nendeni na hadithi.

Chukueni ya Mary Muthoni Nyanjiru. Tarehe 16 Machi 1922 watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi, Nairobi, wakitaka Harry Thuku aachiliwe. Wanaume walipoanza kurudi nyuma, Nyanjiru alipandisha nguo yake, akawaambia waivae wao, wampe suruali zao. Umati ukasonga, risasi zikalia, naye akauawa pamoja na wengine.

Walimu wengine huruka hapo kwa aibu. Mimi naona ni makosa. Mtoto akielezwa kwamba mama kujivua nguo mbele ya wanaume ilikuwa laana nzito, hatacheka. Katika mchezo, leso moja kiunoni yatosha.

Wadogo wapeni Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2004, na kila mmoja apande mche. Ila huu udongo wetu mweusi, jamani! Chimbeni mashimo kabla mvua ya masika haijaugeuza tope.