Karatasi za Mwombaji Kazi

Kijana aweza kuwa na elimu ya kutosha, lakini akarudishwa mlangoni siku ya usaili kwa sababu ya karatasi zake. Nchini Tanzania, maombi ya kazi yapitiayo Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huambatishwa vyeti, barua iliyotiwa saini, na wasifu wenye wadhamini watatu. Hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi badala ya vyeti. Mwenye majina yanayotofautiana katika vyeti vyake hutakiwa kuwa na hati ya kisheria ya kuthibitisha jina.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kushika kalamu tandaza vyeti vyako mezani. Jina, tarehe ya kuzaliwa na miaka ya masomo vilingane. Wadhamini uwaarifu mapema. Kazi uliyoifanya uieleze kwa vitendo: kuandika "nilitunza daftari la bohari" kuna uzito kuliko "nina uzoefu mkubwa".

Mbele ya jopo, salimu kwa adabu, ngoja ukaribishwe kuketi, na usikilize swali hadi mwisho. Usilolijua, sema hulijui. Kila ulichokiandika chaweza kuulizwa; aliyeandika kweli hatababaika.